Futari ya Mahaji

Mtu akitaka kujua kama anapendwa hapa mtaani Kuze, asiulize. Asubiri Ramadhani. Laasiri ikishapita, milango ya mtaa wetu hufunguka na sahani zikaanza kutembea, zimefunikwa kawa, kutoka nyumba hii hadi ile. Muhogo wa nazi huenda, sambusa hurudi. Na sahani ya jirani hairudishwi tupu. Hilo halikuandikwa popote, lakini kila mtu hapa analijua, na ukirudisha sahani tupu umemwambia mwenzako kwamba mmemalizana.

Bi Saliha aliijua ada hiyo kuliko wengi waliozaliwa nayo. Yeye hakuzaliwa nayo. Alizaliwa Kadzo, binti Kenga, Mgiriama wa Ganze, akaja mjini kuchambua kahawa kwenye godauni moja Shimanzi. Huko ndiko Jamaldin, fundi bati wa Kuze, alikokwenda kuziba paa linalovuja, na aliposhuka ngazi alikuwa ameshapenda. Kadzo akasilimu, akaolewa, mama mkwe akampa jina la Saliha. Kwao Ganze wakaanza kumwita Mahaji, kama wanavyomwita Mgiriama yeyote aliyeingia Uislamu. Kuze wakamwita Bi Saliha usoni na Mnyika kisogoni, maana yake mtu wa porini, mla panya. Jina la Kadzo hakuna tena aliyelitaja.

Nasema haya kwa hasira, na siombi radhi. Muhogo huo tunaojivunia, nazi hizo tunazokuna, hazioti juu ya mapaa ya Kuze. Zinatoka mashambani kwao. Karisa, kaka yake Saliha, hutuma magunia ya nazi mjini, na duka la Gaffar huziuza, na jikoni za mtaa mzima huzipika. Tena mababu zake walikuwa wakileta mazao kisiwani hapa kabla ya nyingi ya nyumba hizi kuwekwa jiwe la kwanza. Lakini hebu mtu wa kwao azikune nazi hizo kwa mkono wake mwenyewe, uone.

Jamaldin alipokuwa hai, sahani alizipeleka yeye. Wanaume wenzake walimcheka barazani. "Jamaldin, umegeuzwa mtumishi wa jikoni?" Naye alicheka nao, akapita na kawa zake. Akirudi alileta sambusa na sifa. Bi Dilshad, mke wa Gaffar, amesema muhogo ule hajaula tangu bibi yake afariki. Nyumba ya kona wanauliza kaimati zile zinatiwa nini hata zikawa laini namna ile. Saliha aliketi mkekani akazisikiliza sifa hizo moja moja. Hawakujaaliwa mtoto, na mumewe alikuwa mtu wa maneno machache, basi mwezi huo wa sifa ulimtosha mwaka mzima.

Kisha Jamaldin akafa kwa ugonjwa wa moyo, na Karisa akaanza kupiga simu.

"Dada, rudi nyumbani. Unakaa na nani huko?"

"Nina majirani, Karisa."

"Majirani si ndugu."

"Hawa ni kama ndugu. Twalishana."

Ukweli ni kwamba nyumbani alikokuwa akiitwa, Saliha alishakwenda mara kadhaa, na kila mara alipokewa vizuri mno. Palikuwa na sufuria yake, sahani yake na kikombe chake, vimewekwa mbali ili visiguswe na vya wenzake, na kuku wake alichinjwa na Mwislamu aliyeitwa kutoka kijiji cha pili. Walifanya hivyo kwa heshima. Lakini wenzake walikula pamoja kwenye sinia, wakichekana, naye akala peke yake kama mgeni wa serikali. Tambiko likianza, hakuna aliyemfukuza. Walinyamaza tu mpaka akaondoka mwenyewe. Ndiyo maana alikuwa akimjibu kaka yake upesi hivyo. Kama Kuze hapakuwa na majirani, basi hakuwa na pa kukaa duniani, na neno hilo hakutaka kulitazama.

Kwa hiyo baada ya eda aliendelea kupeleka sahani mwenyewe, nyumba zilezile, Ramadhani baada ya Ramadhani. Walizipokea mlangoni kwa tabasamu. "Ahsanta, Bi Saliha, umejisumbua." Kesho yake sahani ilirudi na kitu. Sifa tu ndizo zilikoma, naye akadhani labda watu huona haya kumsifu mjane.

Ramadhani hii alitoka kidogo kabla ya magharibi kwenda kununua barafu, na kwa kuwa njia kubwa ilikuwa imejaa watu, akapita uchochoroni nyuma ya nyumba ya Gaffar. Pale alimkuta Naomi, mwanamke wa Rabai anayefanya kazi kwa Bi Dilshad miaka mingi, ameinama na sahani mkononi. Paka wa mtaa walikuwa wamemzunguka. Sahani ilikuwa na maua ya buluu ukingoni, na Saliha aliifahamu kwa sababu ni yeye aliyeipeleka muda mfupi uliopita. Muhogo ulikuwa bado unatoa mvuke.

"Naomi," akasema. "Muhogo umeharibika?"

Naomi alishtuka, akatazama juu dirishani, kisha akamtazama yeye. "Haukuharibika, dada. Nisamehe. Ndivyo ninavyoambiwa."

"Kwa nini usile wewe?"

"Ningekula. Mimi Mkristo, sina cha kunizuia, na watoto ninao. Lakini Bi Dilshad husimama pale juu aone umemwagwa. Asema nikila nitavizoea vyakula hivyo."

"Tangu lini?"

"Tangu mzee atutoke."

"Na zamani?"

Naomi alikung'uta sahani ingawa ilishakuwa tupu. Alikuwa akitafuta njia ya kutosema. "Zamani walikuwa wakila," akasema mwishowe. "Hata kugombania. Mzee alikuwa akiwaambia vimetoka kwa Bi Yumna, dada yake. Nilidhani wajua."

Saliha hakununua barafu. Alirudi nyumbani, akafungua kwa tende moja na maji ya mtungi, akakaa. Habari ya paka haikumuuma sana. Mtu aliyeitwa Mnyika miaka yote ile anajua kujikinga na paka. Kilichomuuma ni zile sifa. Alizitazama moja moja kama alivyozisikiliza, akaona hata moja haikuwa yake. Alilia kwa uchungu na kwa aibu, na aibu ndiyo iliyomkera zaidi, kwa kuwa hakuwa amemkosea mtu.

Asubuhi alikwenda kwa Yumna, ambaye anakaa nyuma ya Mwembe Tayari, ghorofani, juu ya makelele ya mabasi ya bara. Yumna alimkaribisha, wakasabahiana kwa kirefu, wakaulizana hali za watu wote wasiowahusu. Saliha akamuuliza moja kwa moja.

Yumna hakukataa. "Kweli, alisema hivo. Nami nilimwachia."

"Kwa nini?"

"Wewe ulikuwa jikoni, hukuona. Ramadhani yenu ya kwanza sahani zako zilirudi vilevile zilivyokwenda, chini ya kawa, hazikuguswa. Alizikuta zimewekwa mlangoni. Ndugu yangu akakaa pale ngazini akala zote, peke yake, usije ukaziona. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu akaja kwangu, tumbo limemjaa, alia kama mtoto. Akanambia, 'Yumna, niazime jina lako.'"

Saliha aliikumbuka Ramadhani ile. Mumewe alikuwa akiketi mkekani, anatafuna kidogo, anasukuma sahani. Naye, bibi harusi wa miezi michache, alikuwa akijiuliza usiku kucha kama chakula chake kibaya.

"Nanyi hamkunambia miaka yote hiyo."

"Tukwambie iwe nini, wifi yangu? Ulikuwa wafurahi."

"Na wewe, Yumna, ulikuwa wala chakula changu?"

Yumna alitazama dirishani, chini ambako makondakta walikuwa wakiita abiria. "Siyui hata nikwambieje," akasema. Saliha akachukua buibui lake, akaaga kwa adabu zote, akashuka.

Siku hiyohiyo mtu wa gari alimletea nazi za Karisa. Aliziangalia mlangoni, akafikiri kuzitupa, kisha akaketi juu ya mbuzi akazikuna. Alipika muhogo kama alivyoupika siku zote, hakuupunguzia kitu. Ulipoiva alitoa kabatini sahani za majirani zilizokuwa kwake, zilizokuja na sambusa na mikate yao ya vibibi, akaziosha, akazifuta kwa kitambaa safi mpaka zikang'aa. Hakutia kitu ndani. Akazifunika kawa, akatoka.

Nyumba ya kona walipokea bila kufunua. Bi Dilshad yeye alifunua palepale mlangoni, labda kwa mazoea, labda wepesi wake ulimshangaza. Aliitazama sahani, akamtazama Saliha.

"Leo hukupika, Bi Saliha?"

"Nimepika."

"Mbona basi..."

"Nimesikia paka wa hapa wamechoka na nazi," Saliha akasema, kwa sauti yake ya kila siku. "Ramadhani karim."

Bi Dilshad aliifunika tena sahani ile. Alikuwa amejifunza adabu nyingi katika maisha yake, lakini ya kujibu hilo hakufundishwa. Saliha alishuka vipandio vyake taratibu. Alikuwa amengojea kusikia raha baada ya hapo, na raha haikuja.

Kwenye pembe ya nyumba alimkuta Naomi anaondoka kazini, akampa chombo cha muhogo alichotoka nacho nyumbani, kimefunikwa vizuri. Naomi alikipokea kwa mikono miwili, akamshukuru mara nyingi, kisha akatazama juu dirishani na kukificha chini ya leso kabla hajatembea. Hata aliyekuwa tayari kula ilimbidi ale kwa wizi.

Adhana ilipoadhiniwa Saliha alikuwa amekaa ngazini, pale alipokaa Jamaldin, sahani ya muhogo mapajani. Mlango wake alikuwa ameuacha wazi. Njiani watu walikuwa wameingia majumbani, na kutoka kila dirisha zilisikika sauti za vijiko na za watoto wakiambiwa wasikimbilie sharubati. Alikula tonge moja. Ulikuwa mtamu. Akala la pili, ili mtu mmoja angalau awe ameula kwa jina la mwenyewe aliyeupika. Simu ikalia. Alikuwa Karisa.

"Nazi zimefika, dada?"

"Zimefika. Nzuri sana."

"Nilizichagua mwenyewe. Umewapikia majirani?"

"Nimewapikia."

"Wamekula?"

Saliha aliutazama muhogo uliobaki. Kama angesema la kweli, Karisa angekuja na gari kesho kumchukua, na kule Ganze sahani yake na kikombe chake vilikuwa vinamngoja, vimewekwa mbali.

"Wamekula wakamaliza," akasema. Maneno yalimtoka bila kujikwaa, kama yalivyokuwa yakimtoka Jamaldin. "Bi Dilshad asema hajaula muhogo kama ule tangu bibi yake afariki."

Karisa alicheka kwa furaha, akamwambia wiki ijayo atamletea nazi nyingine.