Vifungo vya Shati la Mzee Bushiri

Babati ilipofanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara, mji ulipanda cheo, magoti ya mzee Bushiri yakastaafu bila kiinua mgongo.

Bushiri alikuwa fundi baiskeli wa mtaa wetu wa Nangara, lakini sifa yake ilikuwa misibani: ndiye aliyeshuka kaburini kupokea maiti. Alishusha nusu ya mtaa, wakiwemo mahasimu wake, ambao alikiri kuwashusha kwa moyo mkunjufu.

Daktari alimweleza kuwa gegedo za magotini zimelika kwa uzee, mfupa unasaga mfupa, na viungo vya vidole vimevimba. Bushiri akachagua tiba ya majirani, supu ya kongoro. Alikunywa kwato hata tukangoja alie kama ng'ombe. Vidole vikazidi kupinda. Basi kila asubuhi mkewe, Hadija, alimfunga vifungo vya shati chumbani, ili atoke nje mwanamume kamili.

“Nikifa unishushe mwenyewe,” alimwambia siku moja, akifunga cha shingoni. “Sitaki mikono ya Alawi.”

“Ina nini?”

“Inanuka vitunguu.”

Alawi, jirani yao, aliuza vitunguu sokoni. Bushiri akacheka, akaahidi.

Hadija alifariki ghafla akichagua mchele, asubuhi akiwa ameshamfunga mumewe shati kama kawaida.

Makaburini Bushiri alivaa kanzu juu ya shati lile, akakataa nasaha zote, akateremshwa kwa kushikwa makwapa kama gunia. Magoti yakalia, tukajifanya viziwi. Alawi akashuka naye. Wakampokea Hadija, wakamlaza. Ikabaki kufungua mafundo ya sanda, kazi ya Bushiri miaka yote. Vidole vikateleza. Akarudia. Shehe akakohoa, sisi tukatazama viatu vyetu. Bushiri akataka kuinama atumie meno, mgongo ukagoma.

“Fungua wewe,” akamwambia Alawi. “Ipanguse mikono kwanza.”

Alawi akaipangusa kwenye kanzu yake, bila kuuliza, akafungua.

Tanga lilipokwisha, shati bado lilikuwa mwilini. Wanawake waliomba walifue, akakataa. Alilala nalo. Tukanong'ona kwamba sasa uzee umehamia kichwani. Mwishowe akaenda Alawi, akamwambia kwa upole kwamba limeanza kunuka.

Bushiri akafunika kifungo cha shingoni kwa kiganja.

“Hiki alikifunga yeye,” alisema. “Nikikifungua, nani atakifunga?”