Gunia la Tano

Walisema hataweza. Walisema mtu aliyeishia kidato cha pili, ambaye baba yake alivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa na jembe tu begani, hawezi kuandika programu ya kompyuta ikafanya kazi hata siku mbili. Mkono wake wa kulia ulipovunjwa, wakasema hatagusa tena kibodi. Na alipodai kwamba kosa lililomvunja mkono halikuwa lake, bali lilikuwa ndani ya chombo kinachotumiwa na mafundi wa dunia nzima, wakasema magongo yamemharibia akili. Jumatano iliyopita tumemzika makaburi ya mtaa wa Ufukoni baada ya sala ya alasiri. Wengi wa hao waliosema walikuwepo, wamevaa kanzu safi, wakipokezana jeneza kwa pupa. Nami nilikuwepo, na nilikuwa miongoni mwa waliosema.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnanijua. Sioni haya kujisifu kwa sababu nilichonacho sikurithi. Niliondoka Mtwara na shati moja, nikaosha vyombo na kulinda maghala Afrika Kusini miaka kumi na mmoja, nikasoma baada ya kazi hadi nikapata stashahada ya kompyuta, nikarudi nikajenga mtaa wa Rahaleo nyumba ya vyumba vitano bila mkopo wa mtu. Stashahada ile iko ukutani ofisini kwangu, ninapouza na kufundisha kompyuta, ndani ya fremu ya kioo, na kila anayeingia huiona kabla hajaniona mimi. Marehemu aliiona siku ya kwanza alipokuja kununua kibodi kuukuu. Nilimuuliza yeye ana cheti gani, akasema hana, anajifunza mwenyewe kwa programu huria, yaani zile ambazo maandishi yake yako wazi na yeyote duniani anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuyarudisha kwa wenzake. Nikamwambia kompyuta si jembe. Akacheka, akasema, “Jembe nalo lina ufundi wake, Mtaalamu. Nipunguzie bei.” Sikumpunguzia.

Miaka michache baadaye chama kimoja cha wakulima upande wa Mpapura kilimpa kazi ya kuandika programu ya mizani ya korosho. Kazi yenyewe inaeleweka kwa mtu yeyote: magunia yanapimwa moja moja, programu inajumlisha, inaondoa uzito wa kila gunia tupu, kisha inachapa stakabadhi. Msimu wa kwanza hakuna aliyelalamika. Msimu wa pili kifaa cha mizani kiliharibika, kikanunuliwa kingine cha bei nafuu chenye ubongo wa aina nyingine, na marehemu akalazimika kuigeuza upya programu yake ili kifaa kipya kiielewe. Kazi hiyo ya kugeuza hufanywa na programu tuiitayo kompaila. Kompaila ni mkalimani. Fundi anaandika maneno yanayosomeka na binadamu, kompaila inayatafsiri kuwa amri za mashine, na mashine inatenda ilichoambiwa na mkalimani, si alichokusudia fundi.

Sasa kulikuwa na mama mmoja mjane, mkulima wa korosho na mihogo, ambaye hakuwa akimwamini mtu kwenye mambo ya uzito. Alikuwa na mizani yake ya kuning'iniza nyumbani. Akapima magunia matano, akayapeleka ghalani kwa chama, stakabadhi ikatoka na upungufu wa kilo moja. Akarudi na magunia sita, kilo moja ikapungua tena. Akapeleka matatu, hesabu ikawa sawa. Akawaambia wenzake, nao wakaanza kupima nyumbani, na neno likapita mashambani kwamba magunia yakizidi manne, kilo moja inaliwa. Wote wakajua inaliwa na nani. Wakampa jina la kangomba, lile tunalowapa walanguzi wanaonunua korosho kwa vibaba kwa mlango wa nyuma. Wengine wakaongeza kwamba mtu wa ng'ambo ya mto hana uchungu na jasho la watu wa huku.

Wakulima wetu wana desturi ambayo nadhani imetokana na kuibiwa na makarani tangu enzi za babu zao. Asubuhi, kabla mizani haijafunguliwa, lazima chuma cha kilo ishirini kiwekwe juu yake mbele ya watu wote, na mmoja wao asome namba kwa sauti. Wanakiita jiwe ingawa ni chuma. Jiwe lisiposomwa, hakuna anayeshusha gunia. Basi siku ya balaa waliliweka jiwe, likasomwa ishirini. Wakaliweka tena, ishirini. Kwa hesabu yao mashine ilikuwa imekula kiapo na kutoka safi, na aliyebaki mwongo ni mtu. Hakuna aliyefikiri kwamba jiwe ni mzigo mmoja, na ugonjwa ulianzia kwenye wa tano.

Mwenyekiti wa chama alinipigia simu mimi. Nilifika kwa gari langu, nimevaa tai. Marehemu alikuwa amezungukwa, amekaa juu ya gunia, laptop yake mapajani. Aliniomba jambo moja tu: tupitishe hesabu ya magunia matano kwenye laptop na kwenye kifaa cha mizani, programu ni ileile, tulinganishe majibu. Yakitofautiana, basi mkalimani ndiye aliyekosea. Ingechukua robo saa. Nilitazama ukurasa mmoja wa maandishi yake, sikuona kasoro, na badala ya kujiuliza kwa nini sioni kasoro, nilikasirika kwamba mtu wa kidato cha pili ananielekeza la kufanya mbele ya watu. Mzee mmoja akaniuliza kwa adabu kama kosa ni la mashine au la mtu. Nikajibu kwa sauti niliyoizoea darasani.

“Kompaila haikosei. Inatumiwa na dunia nzima. Anayekosea ni mtu.”

Pigo la kwanza lilitoka nyuma, gongo la kubebea magunia, likampata sikioni. Alipoinuka akapigwa la pili juu ya jicho, na la tatu likamkuta chini. Baada ya hapo hapakuwa na kuhesabu. Walimpiga mateke ya mbavu, wakamburuta kwenye sakafu yenye mabibo makavu mpaka shati likabaki mabegani, damu ikachanganyika na vumbi ikawa tope. Alikuwa akinitazama mimi, akiniita. Kijana mmoja mwenye kifua kipana akamwambia, “Mtaalamu kasema, njomba. Unabisha nini?” Wakamnyoosha mkono wa kulia, mmoja akamkanyaga kiwiko, na yule mwenye kifua akalinyanyua jiwe la mizani kwa mikono miwili akaliachia juu ya kiganja. Nyie mnaobangua korosho mnaijua sauti ile. Aliliinua tena, akaliachia tena. Kisha nikasikia mtu akiuliza petroli iko wapi, na macho ya watu yakageukia gari langu.

Nilijua kinachofuata. Begani nina kovu la panga nililopewa kwenye mtaa mmoja wa mabati kule Afrika Kusini, siku umati ulipopita nyumba kwa nyumba ukiwatafuta wageni. Nilimwona jirani yangu akichomwa akiwa hai, mimi nimejibana ndani ya pipa la maji. Najua jinsi umati unavyonuka kabla haujaua. Na bado nilisimama na ufunguo wa gari mkononi bila kufungua mdomo. Aliyefungua mdomo ni yule mama mjane. Aliwapenya wanaume, akaenda kukalia miguu ya marehemu kama mtu anayekalia kigoda chake jikoni.

“Kilo ni yangu,” akasema. “Sikuidai kwa moto. Mwenye petroli animwagie na mimi.”

Ikabidi watu watazamane, na walipotazamana wakawa tena watu mmoja mmoja. Tulimbeba kwa gari langu hadi hospitali mjini. Viti vilibaki na damu, na nitasema ukweli, nilikasirikia viti.

Siku ya nane alinitumia ujumbe kuomba laptop, kwa kuwa yake ilikuwa imepasuliwa ghalani, na fedha kidogo za bando. Nilimpeleka laptop yangu kuukuu na fedha, nikijiona mkarimu. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekatwa, vitatu havikukunjika. Akaanza kazi kwa mkono wa kushoto. Kwanza aliichukua programu yake yote akawa anaipunguza, anafuta sehemu, anajaribu, kosa likiwapo anafuta tena, mpaka ikabaki mistari kumi na mitatu ambayo bado ilikuwa ikiondoa uzito wa gunia tupu la tano mara mbili. Kisha akajaribu kompaila ya zamani, jibu likawa sahihi. Ile mpya, jibu likawa lile lililomvunja mkono. Kati ya hizo mbili kulikuwa na mabadiliko maelfu, yaliyoandikwa na watu maelfu wasiofahamiana. Alifanya kama mtu anayetafuta mahali bomba lilipoziba: anakata katikati, anaangalia maji yanafika au hayafiki, anaacha nusu nzima na kukata tena nusu mbovu. Kila mkato ulimlazimu kuijenga kompaila yote upya, na laptop yangu ilichukua siku nzima kuijenga mara moja. Kumbukumbu ya mashine ilijaa, kazi ikakatika karibu na mwisho, umeme nao ukakatika, akaanza upya. Nilipomtembelea nyumbani kwake nilimkuta ameiegemeza laptop kwenye beseni la maji baridi isichemke, bandeji imelowa usaha, anahesabu hatua kwa chaki ukutani.

Mkato wa kumi na tatu ulimfikisha kwenye badiliko moja. Kuna fundi mahali fulani alitaka kompaila iharakishe hesabu kwa kuzifanya nne nne kwa pamoja, na kwa aina ile ya ubongo wa bei nafuu alisahau kinachotokea pale nne zinapokwisha na ya tano ikafuata. Marehemu aliandika taarifa kwenye uwanja wa wazi wa mradi wa kompaila ile. Jibu la kwanza lilimwambia kwamba kosa ni la mtumiaji, na taarifa ikafungwa. Niliposoma jibu lile nililitambua, kwa sababu lilikuwa jibu langu kwa lugha nyingine. Aliifungua upya, safari hii akaambatanisha mistari yake kumi na mitatu na badiliko lenyewe. Siku mbili baadaye mwenye badiliko lile akaandika, mbele ya dunia nzima, sentensi mbili: nimeona, kosa ni langu. Kabla ya wiki kwisha kompaila ilikuwa imerekebishwa. Kwenye maelezo ya marekebisho, mahali pa jina la aliyegundua tatizo, marehemu aliomba paandikwe “mkulima wa Mpapura, kwa mizani yake ya kuning'iniza.” Mpaka leo maneno hayo yamo humo, kwenye chombo kinachotumiwa na watu wasiojua korosho inaota juu au chini ya ardhi.

Alirudi ghalani na kifaa kilichotengenezwa upya. Hakudai radhi. Aliomba tu kwamba baada ya kusoma jiwe, wawe wanapima na magunia matano. Yule kijana mwenye kifua kipana ndiye aliyeyabeba yote matano peke yake, akayashusha, akatoka nje bila kusubiri stakabadhi. Chama kiliwarudishia wakulima kilo zao. Tangu hapo mafundi wa mradi ule, waliokuwa wamemwona anavyowinda, wakaanza kumtumia makosa yaliyowashinda wao, kwa malipo. Waliosema hataweza wakawa wanampisha njiani. Lakini yale magongo hayakuwa yamemaliza kazi. Yalimwachia kifafa. Alianguka sokoni, akaanguka msikitini, na wiki iliyopita akaanguka bafuni kwake akagonga kisogo. Cheti cha hospitali kinasema ajali ya kuanguka. Mimi nasema tulimpiga siku moja akafa miaka baadaye, na kwamba gongo la kwanza halikutoka nyuma, lilitoka mdomoni mwangu. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tuliifanya nusu ya kwanza kwa ustadi mkubwa.

Mimi bado najivunia nilikotoka, na stashahada sitaiondoa ukutani. Ila nimeanza kuona kwamba nchi hii ina watu wengi kama mimi, wanaoitwa wakiwa na tai kuja kutamka nani mkosaji, na wanaotamka kwa sababu wameulizwa, si kwa sababu wanajua. Ukiulizwa kosa ni la nani nawe hujapima gunia la tano, jibu ni moja tu: sijui. Lingeniondolea heshima kwa robo saa.

Alipopata malipo makubwa ya kwanza alitenga siku moja ya kulipa kila aliyemkopesha wakati wa maumivu: muuguzi, jirani mwenye jenereta, mwenye duka la dawa. Kwangu alifika wa mwisho, alasiri, amebeba laptop yangu imefutwa vumbi na fedha za bando ndani ya bahasha. Niliweka bahasha mezani, chini ya fremu ya kioo, tukaitazama wote wawili. Nilikuwa na maneno ya kusema. Nilikuwa nimeyatayarisha tangu hospitalini.

“Hesabu, Mtaalamu,” akasema.

Nikahesabu. Zilitimia.

“Basi hatudaiani,” akasema, na akanipa mkono wa kushoto.

Nikaupokea, nikasema hatudaiani.