Maziwa Tuliyochemsha kwa Siri

Siku yangu ya kwanza kazini nilifundishwa kuchemsha. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Wazungu kwisha, katika hospitali ya misheni juu ya vilima vya Masisi, nami nilikuwa nimetoka juzi tu kwenye masomo ya wasaidizi wa wauguzi, ambao watu wa huko waliwaita Enfirmie. Nilifika na shati jeupe la kuazima kwa mjomba, nikidhani nitapewa watu niwadunge. Masera, mtawa aliyesimamia wauguzi wote, akanipa sufuria na saa ya mezani. Sindano za wakati ule zilikuwa za kioo, hazikutupwa. Kila moja ilichemshwa dakika ishirini kabla ya kuingia mwilini mwa mtu mwingine. "Kitu ambacho hakijapita motoni ni kichafu," aliniambia, "hata kama kinang'aa." Wiki mbili nzima sikufanya jambo jingine. Ninyi mnaozitoa sindano katika karatasi na kuzitupa, chekeni tu. Mimi nilirudi nyumbani vidole vimebabuka.

Hospitali ile haikutafuta faida, na maskini hakuulizwa kitu mlangoni. Daktari wetu, mtu mrefu mwenye hasira za karibu, alikuwa akisema kwamba hospitali inayongoja wagonjwa waje imekwisha chelewa. Kwa hiyo kila Jumatatu tulikwenda kijijini Muheto na mizani ya kutundika. Mtoto aliwekwa ndani ya mfuko wa turubai, akaning'inizwa kwenye boriti, na uzito wake ukaandikwa kwenye karatasi ambayo mama yake aliitunza. Tulikuwa tukiwatafuta wenye bwaki. Bwaki humpata mtoto aliyeachishwa ziwa akabaki na viazi na ndizi tu: miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, naye anakaa kimya mahali ulipomweka. Hakuna sindano ya bwaki. Dawa yake ni chakula, na chakula tulichokitaka kuliko vyote ni maziwa.

Sisi watu wa jembe tulikuwa na maharage. Maziwa yalikuwa juu, kwa watu wa ng'ombe. Daktari akanituma kwa Papa Stanisilasi, mfugaji aliyesikilizwa na wenzake wote, Mkristo asiyekosa misa. Nilimweleza habari za watoto. Alinisikiliza hadi mwisho, akakubali kutuletea vyombo viwili kila asubuhi, bure, na kuwashawishi majirani zake. Alikuwa na sharti moja.

"Maziwa yetu hatupikake," alisema. "Ukiyaweka ku moto, kiwele ya ngombe inapasuka, na maziwa inakauka. Hiyo njo sheria tulikuta kwa baba zetu. Utaniahidi?"

"Ninakuahidi, Papa."

Nikateremka. Masera akaniambia kwamba maziwa yatachemshwa mpaka yaumuke motoni mara tatu kabla mtoto hajayaonja, kwa sababu kifua kikuu cha ng'ombe hupita katika maziwa mabichi. Alikuwa na haki, na mpaka leo nasema alikuwa na haki. "Wenye ng'ombe wamekubali?" akauliza. Nikajibu, "Wamekubali, Masera." Hivyo nilidanganya huku na huku kati ya asubuhi na chakula cha mchana, na usiku nikalala vizuri. Nilijiona mjanja. Kiwele kilichoko mlimani, nilijiambia, kitajuaje mambo ya sufuria yetu? Ukweli ni kwamba niliidharau ile sheria. Kwangu ilikuwa hadithi ya wachungaji, na hadithi haivunjwi, husahauliwa tu.

Karibu miaka miwili mambo yalikwenda. Kijana wake Papa Stanisilasi alileta vyombo mpaka mlangoni, nikavipokea mwenyewe, nikavirudisha vimeoshwa. Watoto walioingia wamebebwa walitoka wakitembea. Papa Stanisilasi alianza kumleta mwenyewe mjukuu wake Konsolata kwenye mizani, ingawa hakuwa na bwaki hata kidogo. Mtoto huyo alikuwa mnene, mwenye maneno mengi, na kila mara alidai nimwambie uzito wake mbele ya watu.

Njia ya mwongo ni fupi. Asubuhi moja ng'ombe bora wa Papa Stanisilasi alivimba kiwele, na kijana alibaki kumkanda. Papa Stanisilasi akaleta maziwa mwenyewe. Hakunikuta mlangoni, akazunguka hadi jikoni, akanikuta nimesimama juu ya sufuria, maziwa ya jana yanaumuka.

"Ile ni maziwa yangu?"

"Ndiyo, Papa."

"Ni leo tu, ao ni siku zote?"

Ningeweza kusema ni leo tu. Nilichoka. "Siku zote."

Hakugomba. Alimwaga yale aliyoyaleta kwenye majani, polepole, akachukua vyombo vyake akaenda. Kesho yake hakuna aliyeleta maziwa, wala yeye wala majirani. Tulirudi kwenye uji wa maharage, na watoto wawili niliowajua kwa majina hatukuwaokoa. Daktari alinisikiliza nikiungama yote. Nilitegemea hasira yake, lakini aliniuliza kitu kimoja: "Ulimwuliza kama kuna njia nyingine?" Sikuwa nimemwuliza.

Kisha surua ikapita katika vilima. Watu wa ng'ombe hawakuteremka kwetu; hawakutuamini tena. Konsolata aliletwa siku ya sita ya ugonjwa, akihema kwa shida, na karatasi yake ya uzito imekunjwa ndani ya kitenge cha mama yake. Masera na mimi tulifanya tulichoweza. Alikufa kabla ya saa sita mchana.

Nilipanda kuwapa pole. Papa Stanisilasi alinipa kiti, maana hakuwa mtu wa kumnyima mgeni kiti. Nikamwomba msamaha. Akasema:

"Kama ungeniambia ya kama mule kwenu lazima moto, ningewapa ngombe. Ngombe ya kugaba, ya urafiki. Ikitoka ku lupango yangu, ku zizi, iko yenu. Maziwa yake mupike, mumwage, ni mambo yenu, haigusi zangu. Ningewapa hata mbili, Enfirmie. Haukuniuliza."

Baadaye nilihamishiwa dispensari ya Kashebere, upande wa Walikale, penye wasafiri wengi na vidonda vingi. Huko nilidunga maelfu ya watu, nikawa mkuu, nikawafundisha wengine. Kabla ya dawa yoyote niliuliza: kwenu mnafanyaje, na mnaogopa nini? Wasaidizi wangu walisema Papa Muganga, ndivyo walivyoniita, anapoteza wakati. Niliwaacha waseme.

Sasa nimepumzika. Watoto wangu walinichangia wakaninunulia ng'ombe, na kila asubuhi mke wangu huchemsha maziwa yake, kama nilivyomfundisha mwenyewe. Ni sawa, ng'ombe ni wetu. Lakini yakianza kuumuka mimi hutoka nje, na mke wangu, aliyezoea, huniita yakiisha kupoa.