Mtoto Aliyesubiri Ndoto

Nyanya yangu wa Rangwe alipewa vidonge vya usingizi wiki tuliyomzika babu. Hakulia kaburini. Hakuna aliyemwambia aviache, naye hakuuliza, miaka ikapita. Vyangu, vya wasiwasi, nilianzishiwa Migori nilipomaliza chuo nikakosa kazi. Nikimtembelea tulimeza pamoja baada ya chakula, kimya, kama watu wanaosali.

Dada yangu alipojifungua, sote tulikuwa kwa nyanya, na mtoto alilia bila kunyamaza. Kwetu mtoto akilia hivyo, kuna marehemu anayetaka jina lake, na husubiriwa aje ndotoni. Wote tulijua ni babu, na wote tulijua atamjia nani. Kila asubuhi dada aliingia jikoni na mtoto begani.

"Dani, amekuja?" alimuuliza nyanya, kwani ndivyo tulivyomwita.

"Aje wapi? Mimi nikilala ni gunia la mahindi."

"Na wewe, msomi?" akanigeukia.

"Mimi sioti."

"Haya. Nyumba ya magunia mawili."

Jioni moja nyanya akasukuma kopo la dawa kando. "Leo simezi. Mzee wangu amebisha hodi mpaka amechoka."

Nilikuwa nimesoma karatasi ya dawa hiyo mara nyingi: kutetemeka, hata degedege, ukiacha ghafla. Nilijua napaswa kuogopa. Woga wenyewe ulibaki mbali, kama redio ya jirani. Nikamsihi ameze, na kesho yake nikampeleka kliniki.

"Mama, tutapunguza polepole," daktari akasema.

"Polepole mpaka lini? Mtoto hana jina."

"Atasubiri, mama."

Tukawa tunakata vidonge kwa wembe, kama daktari alivyoelekeza. Nyanya alilala vibaya, akagombana na kuku, na mimi, na sufuria. Mtoto aliendelea kulia, na dada akaacha kuuliza.

Kisha asubuhi moja nyanya hakungoja swali.

"Amekuja. Na lile koti lake la mvua. Ananiuliza kwa nini nilimfungia mlango."

Dada akapiga kigelegele, akamwita mtoto kwa jina la babu. Nyanya akakaa chini akalia, kwa sauti, kilio cha mazishi. Nilipewa mtoto nimshike. Nilijua hii ni furaha, kama mtu anavyojua jibu la mtihani.

Baadaye nyanya alijifuta uso, akanitazama.

"Na wewe, nani anabisha kwako?"

Wembe ulikuwa mezani. Kidonge changu kilikuwa kando yake, kizima.