Pampu Iliyokataa Kuvuja Makambako

Uwemba nzima hakuna gari safi kama la Yohanes Mligo, na hilo si jambo la kubishania. Lori lake la tani nne, la buluu, lenye maneno HARAKA YA NINI juu ya kioo cha mbele, hubeba viazi kutoka mashambani hadi soko la Makambako, na viazi hutoka ardhini pamoja na ardhi yake. Lakini ukilikuta limeegeshwa nyumbani kwake, karibu na misheni, utadhani limeshushwa melini asubuhi ileile. Ukipitisha kidole kwenye bampa, kidole kinarudi kama kilivyokwenda. Matairi huyasugua. Kabini huiinua, akachutama na mswaki mkuukuu, akaisugua injini kona kwa kona kama anayemwandaa mtoto kwa komunio ya kwanza.

Ana miaka hamsini na minane, na hilo ndilo gari la kwanza kulinunua likiwa jipya. Kabla ya hapo aliendesha magari ya watu kwa miaka mingi, kisha akawa na lake mwenyewe, kuukuu, lililovuja kila kitu kinachoweza kuvuja bila mtu kushangaa. Ndiyo maana lori jipya lilipoanza kupungukiwa na maji ya rejeta, kikombe kimoja leo, viwili keshokutwa, aliumia kama mtu aliyedanganywa na mchumba.

Maji yenyewe si maji ya kawaida. Ni kulanti, kitu cha rangi ya pinki kinachozunguka ndani ya injini kuipoza, na kinachokizungusha ni wota pampu. Yohanes alijua ugonjwa uko kwenye pampu, kwa sababu siku moja alipofika sokoni na mzigo kamili aliinama, akaliona tone likining'inia chini yake, likaanguka. Na pampu ilikuwa bado na waranti. Kijitabu cha kampuni iliyomuuzia lori kilisema miaka miwili au kilomita laki moja, kitakachotangulia. Miaka ilikuwa na miezi mitano ya kutembea bado. Kilomita ndizo zilizokuwa mbioni, maana dashibodi ilishapita elfu tisini na nane. Zikifika laki, pampu ni ya Yohanes na mfuko wake, na pampu ya gari lile ingemeza faida yake ya msimu mzima wa viazi.

Basi akaenda kwenye karakana ya kampuni, Makambako. Lakini kabla ya kwenda aliliosha lori tangu alfajiri. Kwao ndivyo walivyolelewa. Mgonjwa hapelekwi hospitali na matope miguuni. Anaogeshwa, anapakwa mafuta, anavalishwa nguo ya Jumapili, hata kama hawezi kusimama. Hata mzigo Yohanes hakupakia. Nani anamtwisha mgonjwa gunia?

Karakanani alipokelewa na msimamizi, kijana mmoja aitwaye Anold, mwenye tai na sauti ya upole. Anold akamwita fundi wake, Jasmine, binti mwembamba aliyevaa ovaroli iliyomzidi. Jasmine akainua kabini, akamulika na tochi juu, chini na pembeni. Kukavu. Wakawasha injini nusu saa nzima. Kukavu vilevile. Anold akaandika kwenye fomu kwamba hakuna tatizo, akamtakia safari njema.

Kurudi nyumbani, wiki haikuisha kabla kulanti haijapungua tena. Yohanes akaosha, akaenda mara ya pili, kukawa kukavu. Safari hii Anold alikunja fomu kabla ya kuiandika.

"Mzee wangu, tusizungushane," alisema kwa adabu ileile. "Sisi tunabadilisha kinachovuja. Hiki hakivuji. Wapo watu waranti ikikaribia kuisha wanatafuta spea ya bure wakauze. Sisemi ni wewe."

Hakusema ni yeye, lakini Yohanes aliyabeba maneno hayo kilomita zote themanini hadi Uwemba. Na kilomita hizo themanini ndizo zilikuwa balaa lenyewe. Alipofika karakanani siku ile dashibodi ilisoma 99,720. Alipozima injini nyumbani ilisoma 99,800. Safari ya kuidai waranti ndiyo iliyokuwa inaila waranti. Akienda tena atafika na 99,880, na akikataliwa atarudi na arobaini mkononi, ambazo hazimfikishi Makambako. Kwa hiyo ilikuwa imebaki safari moja tu.

Alikataa mizigo, akaliegesha lori, akashinda akilizunguka. Alifika mahali pa kulilaumu lenyewe. Alimwambia mkewe, Oliva, kwamba lina tabia za mtoto anayelia jino usiku kucha, halafu mbele ya daktari anasema haliumi.

Alhamisi asubuhi aliinua kabini, akachota maji, akachukua mswaki na sabuni ili aliandae kwa safari ya mwisho. Oliva alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya viazi. Kwa siku zote za ndoa yao alikuwa hajawahi kuangalia ndani ya injini, kwa kuwa hakuona sababu. Siku hiyo aliangalia, kwa sababu jua lilipiga humo akaona kitu kinang'aa. Chini ya pampu kulikuwa na mstari mwembamba wa pinki uliokauka, kama njia ya machozi kwenye shavu la mtoto aliyelala akilia. Na mswaki wa Yohanes ulikuwa unauendea.

"Baba Sila, hebu ngoja. Hicho unachotaka kufuta ni nini?"

"Uchafu."

"Uchafu wa rangi gani?"

Yohanes akasogeza uso. "Wa pinki."

"Na hiyo dawa inayopotea kila siku ni ya rangi gani?"

Mswaki ulibaki hewani, povu likimchuruzikia Yohanes kwenye kiwiko. Oliva aliweka kisu chini, akaanza kucheka taratibu, kisha akacheka mpaka akashika nguzo ya jiko.

"Juzi umenigombeza nisimpake mjukuu wetu Tabea mafuta kwenye upele, eti nesi ataona nini," alisema alipopata pumzi. "Wewe unamfuta mgonjwa damu yote, halafu unamwambia daktari anavuja. Daktari wa watu akikuita mwongo unanuna."

Yohanes alijitetea kidogo. Alisema hawezi kulipeleka gari chafu mbele za watu, jina lake litaenda wapi. Oliva akamwuliza jina lipi, la mtu safi au la mtu mwongo? Halafu akaongeza la pili, ambalo mumewe pia hakuwa amelifikiria: tone aliliona siku ya mzigo, baada ya kupanda milima. Likienda tupu halichoki, na lisipochoka halitoi jasho. Likapakiwe, na lisiguswe na mswaki.

Wakapakia kwenye shamba lililo njiani, mvua ikinyesha. Lori lilitoka pale limeenea tope jekundu hadi kwenye vioo vya pembeni, na maneno ya mbele yakabaki HARA tu. Yohanes mwenyewe alivaa suruali yake ya Jumapili iliyopigwa pasi, kwa kuwa kuhusu yeye Oliva hakutoa amri. Alipita Njombe mjini amezama kwenye kiti kama mwizi. Haikusaidia. Remmy, dereva mwenzake wa siku nyingi, alikuwa anapakia mbao kando ya barabara, akalitazama lori, akatazama namba zake, akatazama tena, kisha akasalimu kwa Kibena.

"Kamwene, mjomba. Pole na msiba."

"Msiba gani?"

"Sijui. Lakini gari lako likiwa hivi, lazima kuna mtu amekufa."

Yohanes alisema hakuna aliyekufa, akaondoka. Kwenye kioo akamwona Remmy anapanda gari lake haraka, mbao nusu zikiwa chini bado, akamfuata. Wakapita mashamba ya chai ya Kibena, wakapanda vilima, lori likivuta kwa gia ya pili na mshale wa joto ukijisogeza juu kidogo kidogo. Kwa mara ya kwanza Yohanes aliufurahia mshale ule.

Kizingiti alikikuta getini. Karakana ile ilikuwa na utaratibu: gari chafu haliingii mpaka lioshwe. Yohanes mwenyewe, mara ya kwanza alipokwenda, aliusifia utaratibu huo kwa mlinzi, akasema hawa ni watu waliostaarabika. Mlinzi huyo, Elius, sasa alikuja na mpira wa maji begani, akatoa shikamoo, akaonyesha sehemu ya kuoshea.

"Marahaba, mwanangu. Hili halioshwi."

"Dakika kumi tu, mzee. Utalipenda."

"Nimesema halioshwi."

Elius alidhani mzee anaona haya kumsumbua, akafungua maji. Yohanes akaruka chini, akasimama mbele ya rejeta, mikono ameitandaza kama golikipa. Maji ya kwanza yakampata magotini.

"Niogeshe mimi, basi," alisema. "Gari liache."

Watu wakajaa. Remmy alikuwa ameshafika, akisimulia asiyoyajua. Anold naye akatoka ofisini, akasimama kando ya dimbwi ili viatu visilowe, akauliza kuna nini tena. Yohanes alivuta pumzi.

"Bwana Anold, mara mbili nimekuletea mgonjwa nimemwogesha. Nilimwosha na ugonjwa wake, kosa ni langu. Leo nimekuletea alivyo. Mtazame. Ukisema ni mzima, mimi sirudi tena, na hata nikitaka kurudi kilomita zitanikatalia."

Kabla Anold hajavuka dimbwi, Jasmine alikuwa ameshainua kabini pale pale getini. Akaingiza tochi, kisha kichwa, kisha karibu mwili wote. Akatoa mkono tu nje na kuomba boksi tupu. Akalitandaza chini ya injini. Umati ukasogea, ungedhani wanangojea penalti. Tone la kwanza likaanguka, pinki, likatanuka kwenye boksi. Likafuata la pili.

Jasmine akawaeleza, huku amefurahi waziwazi, kwamba pampu ina kitundu chini yake kilichowekwa na kiwanda makusudi. Sili ya ndani, ule mpira unaozuia maji, ikichoka, pampu inalilia hapo ili mwenyewe ajue. Akasema zile mara mbili alikuta injini safi kuliko vyombo vya nyumbani kwao, akajiuliza mzee huyu analiuza gari au nini. Anold aliinama mwenyewe, tai ameishika mkononi. Alikagua alama za rangi za kiwandani kwenye bolti, zote zilikuwa hazijaguswa. Alichovya kijiti kwenye tangi dogo la kulanti kuona kama limeongezwa maji ya mtoni, kikatoka pinki iliyokolea. Kisha akaingia kabini, akasoma dashibodi kwa sauti, ili kila mtu asikie: 99,880.

"Hii ni yetu," alisema. Halafu, akiwa anashuka, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba yale maneno ya spea ya bure mzee ayasahau. Yohanes akasema ameshayasahau, jambo ambalo halikuwa kweli, lakini lilikuwa limeanza kuwa kweli.

Viazi vikahamishiwa kwenye lori la Remmy hadi sokoni. Pampu ikaja kutoka Dar es Salaam kwa basi, na Jumamosi mchana Jasmine akaifunga, Yohanes akimshikia tochi kwa sababu alikataa kukaa kwenye benchi la wateja.

Jumanne iliyofuata Oliva alipanda naye kwenda Makambako. Waliipita Njombe, waliipita chai, na kwenye mteremko mmoja wenye misonobari Yohanes akapunguza mwendo, akasimama pembeni. Namba za dashibodi zilikuwa zimegeuka: moja na masifuri matano.

"Limeharibika?" Oliva aliuliza.

"Hapana. Waranti imekufa."

Alishuka, akapiga goti kwenye lami, akachungulia chini ya injini muda mrefu. Oliva alitoa kichwa dirishani akangoja.

"Kukoje huko?"

"Kukavu, Mama Sila."

"Na safari hii hujaosha?"

"Sijagusa."

"Basi panda twende, watu wa sokoni hawali masifuri."

Akapanda, akiwa na alama ya lami kwenye goti, akaingiza gia.