Roboti Lina Bawaba Tatu

Juzi nilishinda mtaa wa Gungu kwa mafundi wa kuchomelea, nimelikalia geti langu, nikisubiri bawaba moja tu ili mbuzi wa jirani wauache mchicha wangu. Umeme ulikuwa umekatika. Mafundi wawili waliinamia simu, wakitazama katuni ya Kijapani yenye roboti refu kuliko mnara wa simu.

"Uongo huu," alisema fundi mkubwa, akigonga kioo kwa kucha nyeusi. "Deraya ya chuma nene hivi? Likipiga hatua, goti linakatika."

"Lakini upanga wake ni wa mwanga, kaka. Unakata chuma!"

"Mwanga ukate chuma? Basi mimi nauza grinda yangu."

Umeme ukarudi, niliyeiona taa ni mimi peke yangu. Wenzangu walikuwa wameshika chaki, wanachora goti sakafuni. Walibishana, wakapima kwa futi, wakakubaliana: goti lile linataka bawaba tatu, tena za chuma cha reli.

"Na langu?" niliuliza.

Fundi mkubwa alilitazama geti kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Lako, mzee wangu, tulifunge waya kwanza. Njoo Jumatatu."

Nililirudisha nyumbani na waya wake. Kufikia jioni mchicha ulikuwa umekwisha. Mbuzi hawana upanga wa mwanga, wala hawakuuhitaji.