Mkasi Wangu na Ramani za Lambwe

Kraaa. Hivyo ndivyo ilivyolia. Gazeti likichanwa hulia haraka, kama mtu anayepiga chafya, lakini karatasi ile ilikuwa nene, ikachanika polepole kwa sauti nzito, kama khaki mpya. Mimi ni fundi wa nguo. Masikio yangu yanajua kitu kizuri kikichanwa. Niligeuka.

Mashine yangu inakaa kwenye baraza ya duka la vyuma pale Migori. Mwenye duka ni mzee wa Kiislamu aliyetoka Pwani kabla sijazaliwa, na karatasi za kufungia mizigo huletewa kwa magunia na watu wanaosafisha stoo za ofisi. Siku hiyo gunia lilikuwa na ramani. Alikuwa ameichana moja katikati amfungie mteja misumari, na kwenye nusu iliyobaki juu ya kaunta niliona mistari ya kahawia iliyozungukana kama alama ya kidole, na katikati yake neno moja: Lambwe.

Neno hilo nililijua kwa sababu ya dani. Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na huyu wangu ndiye aliyenilea huko Uriri. Aliolewa katika Bonde la Lambwe akiwa msichana. Huko alijengewa nyumba yake ya kwanza, akazaa mtoto wake wa kwanza, mvulana, na kumzika ubavuni mwa nyumba hiyo kabla hajaota meno. Halafu mbung'o wakazidi, watu wakawa wanaugua malale, wakahamishwa, na bonde likaachiwa nyati. Waliondoka asubuhi moja na mbuzi na vyungu. Dani anasema hakumuaga mtoto kwa sababu mama mkwe wake alikuwa anamtazama, na yeye alikuwa bado mgeni pale, akaona haya.

Sasa bonde ni mbuga ya wanyama. Uzeeni dani alitaka kitu kimoja tu: kiganja cha udongo wa pale, aje kuzikwa nacho. Wajomba zangu walimwambia aache, kwamba gunda, yaani boma lililohamwa, likishamezwa na kichaka halionekani tena. Mimi nikamwambia, "Dani, nitalipata." Niliahidi nikicheka, vile ninavyoahidi blauzi itakuwa tayari Jumatatu huku sare za shule zimejaa hadi chini ya meza.

Basi siku ile nikamsihi mzee wa duka. Akaifungua misumari ya watu, akaifunga upya kwa gazeti, akanipa zile nusu mbili.

"Binti yangu," akasema, "wenzako huja kununua misumari. Wewe wataka nguo za misumari."

Kuanzia hapo, gunia likifika ananiita kabla hajalikata kamba. Nilipekua magunia hayo kwa karibu miaka miwili. Jiografia niliiachia kidato cha pili, ikabidi nijifundishe upya: mistari ikikaribiana ni mlima mkali, ikiachana ni tambarare, rangi ya kijani ni kichaka, na kila nukta nyeusi, ndogo kama kichwa cha pini, ni nyumba ya mtu. Hilo la nyumba ndilo lililonimaliza. Mtu alipita huko zamani, akaona nyumba ya nyasi, akaiweka. Nilifikisha karatasi tisa. Moja ilikuwa karibu yote ziwa, na kisiwa cha Remba kipo kama tone, hakina nukta hata moja, wakati leo mabati ya Remba yamebanana mpaka huwezi kuanika kitenge. Nilizikunja ndani ya bomba la pazia, zikalala chini ya kitanda changu, na mimi nikilala juu yake najiona mtu wa maana sana.

Nikaenda Homa Bay, mpaka kwenye lango la mbuga. Askari wa pale alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye kusikiliza hadi mwisho. Ukutani kwake kulikuwa na ramani mpya, safi, na bonde lote ni kijani kitupu. Hakuna nukta. Alisema magunda yako mengi humo ndani na hawezi kumzungusha bibi mzee katikati ya nyati akitafuta moja.

"Niletee mahali, dada, usiniletee hadithi," alisema. "Weka alama kwenye ramani, nami nitampeleka mama kwa gari mpaka nyasi zitushinde. Lakini fanya haraka. Mwezi ujao ukiisha nahamishwa."

Ramani yangu ya misumari ilikuwa ya upande wa kusini. Ilikuwa inaishia kwenye kijito fulani, na dani alikuwa anasema nyumba yake ilikuwa karibu na kijito. Karatasi ya kaskazini, ile inayoendelea kutoka hapo, sikuwa nayo. Nikauliza kila mteja. Mwishowe muuza omena mmoja akaniambia juu ya mjane mzee wa Karungu ambaye marehemu mume wake aliwahi kuwabebea wapimaji wa ardhi vyuma vyao. Nikaenda. Ramani ilikuwa imebandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku lake la nguo, na pembeni kutu ya bawaba na uchafu wa inzi vilikuwa vimeila. Nilipoona kilima kile kile kikiendelea kutoka kwenye karatasi yangu nilikaa chini bila kukaribishwa.

Yule mama alikubali nimshonee gauni la kanisani, naye anipe karatasi. Tukaibandua kwa maji ya uvuguvugu, polepole, asubuhi nzima. Aliniambia mume wake hakuruhusu mtu aikunje wala aiguse na kucha. Nikamwambia, "Mama, kwangu itakaa kama yai."

Sasa nieleze nilichofanya, maana nilikifanya kwa furaha.

Ukishona kitenge cha maua na mshono ukapita katikati ya ua, lazima nusu mbili zikutane. Ua likikosana, hata mtoto ataona. Hapo ndipo fundi anapotofautiana na mtu aliye na cherehani. Niliziweka zile ramani mbili mezani. Kwanza nikakata kingo nyeupe. Halafu nikaona pale zinapokutana pamelika, pana kutu na madoa, hapana mstari ulionyooka, kwa hiyo nikapiga rula nikapanyoosha. Nikazisogeza pamoja. Kijito kilichotoka kusini hakikukutana na kilichokuwa kaskazini. Kilipishana kwa kiasi cha kidole. Nikakata kidogo huku. Nikakata kidogo kule. Kila nikikata, kilikuwa kinakaribia. Kilipokutana, kikatiririka kutoka karatasi hadi karatasi bila kuruka, niliita mzee wa duka aje aone, naye akasema mashallah. Nikagundisha zote mbili juu ya kitambaa cha marekani, nikapitisha mshono pembeni na katikati.

Vipande nilivyokata nilivitia kwenye pasi ya makaa, kuwashia. Vilishika mara moja. Nilijua nukta ni nyumba. Lakini pale ukingoni palikuwa na kutu, na uchafu wa inzi, na sikuuliza kipi ni kipi.

Jumamosi nikampelekea dani Uriri. Tuliitandika juu ya mkeka uani, nikaweka mawe kwenye pembe, nikafukuza kuku. Dani hajui kusoma. Nilimsomea majina ya vilima, nikamwonyesha kila kimoja kilipo, na yeye akaweka kidole chake na kuanza kutembea.

"Tumetoka kwenye shingo ya kilima," akasema. "Tunashuka. Huku ni mawe, mbuzi walikuwa wanapenda huku. Hapa kijito. Hatuvuki, kuna matope. Tunakifuata. Kona ya kwanza, hapa, palikuwa na mkuyu."

Kona ya kwanza ilikuwepo. Aligeuza kidole juu yake kama anayejua. Mimi nilikuwa tayari nimeshika penseli ya kuweka alama, na moyo unanidunda kama cherehani ya umeme. Kidole kikaenda mbele kidogo, kikagusa uzi wangu, kikasimama.

"Kona ya pili iko wapi?"

Niliinama. Kijito kilikuwa kimenyooka.

"Nyakwara, hapa hakikunyooka," akasema. Nyakwara maana yake ni "mjukuu wangu". "Hapa kinageuka. Nyumba yangu iko ndani ya hiyo kona, na ua wa minyaa. Ukitoka mlangoni unaona maji."

Nikamwambia. Sikuwa na namna ya kutomwambia. Nilimweleza kitenge, maua, kutu, rula, pasi. Aliukwaruza uzi kwa ukucha, akaupapasa mshono huku na huku.

"Umeshona vizuri," akasema. "Mtu hawezi kujua kama palikatwa."

Afadhali angenipiga.

Hata hivyo nilirudi Homa Bay. Askari aliweka kidole gumba juu ya mshono, akanionyesha kwamba upana wa kidole hicho, huko chini, ni mwendo wa kilomita nzima, na kichaka chake mtu hamwoni anayemtangulia. Bado alijaribu. Alipokuwa kwenye doria zake alikifuata kijito mara mbili, akaniambia kona ziko nyingi kuliko dani alivyozihesabu, mafuriko yamechimba nyingine na kuziba nyingine, na minyaa imejiotea kila mahali. Siku ya mwisho kabla hajahamishwa alinipa chupa ya maji iliyojaa udongo. Aliuchota ndani ya lango, alisema, kwani yote si bonde moja?

Dani aliumimina kwenye kiganja, akausugua kwa kidole gumba. "Huu ni wa barabara," akasema bila hasira. Akaumwagia sukuma wiki.

Nimeandika kwenye ofisi za ramani. Toleo lile hawana tena. Nimerudi Karungu kumuuliza mjane kama kulikuwa na nakala nyingine. Hakuna. Hakuuliza ile ya kwanza iko wapi, alikuwa amevaa gauni lile, nami nikalisifu kola kama mjinga. Mzee wa duka bado ananiita gunia likija. Yanakuja madaftari ya shule, kalenda, karatasi za mitihani. Siku hizi anafungua gunia mwenyewe, akishaona ndani ananitikisia kichwa kutoka mlangoni ili nisisimamishe mashine.

Dani sasa anashinda kitandani. Nikimtembelea ananiuliza habari za wateja, nani anaolewa, nani amenenepa. La Lambwe haulizi tena. Zamani alikuwa ananiuliza kila wiki, na mimi nilikuwa naona kama ananisumbua.

Jumapili iliyopita duka lilikuwa limefungwa, sina mteja, baraza yote ni yangu. Niliitoa ramani kwenye bomba, nikaitandaza juu ya meza ya kukatia, nikachukua wembe. Nikaufumua mshono wa katikati, uzi mmoja mmoja, nikibandua taratibu gundi ilipokuwa imeshika. Karatasi ya kaskazini nikaisukuma juu, ya kusini nikaivuta chini. Nikaweka kidole gumba katikati yake nipime upana nilioukata, na nikazibana kwa pini pale pale, kijito kikiwa kimekatika.